Maharage ya Baba

Jumapili iliyopita nilirudi Tottenham kuchukua chungu. Sikwenda kwa hamu, nikwambie kweli, rafiki yangu. Alinipigia simu jirani yetu wa zamani, yule mama wa Kikenya aliyekuwa akikaa juu yetu, akaniambia anarudi kwao moja kwa moja, na kwamba kabatini mwake kuna kitu changu. Nikapanda treni hapa Walthamstow, safari isiyofika hata dakika kumi, na ambayo nilikuwa nimeikwepa kwa miaka.

Lifti niliikuta mbovu kama nilivyoiacha. Nikapanda ngazi, nikapita mlango wetu wa ghorofa ya tatu. Siku hizi umepakwa rangi ya kijani na nje pana viatu vya watoto wa watu. Sikusimama. Jirani alinifungulia kabla sijagonga mara ya pili.

"Wee, ingia tu, usivue viatu, carpet imeshatolewa," akaniambia. "Council wanataka keys Friday."

Amekuwa mdogo. Zamani alikuwa nesi mwenye mwili na sauti, akipita koridoni unamjua kwa kishindo. Sasa anatembea na fimbo. Akanielekeza kabatini, nikatoa mfuko mzito wa supamaketi, na ndani yake kilikuwamo chungu cha umeme cha Baba, kile ambacho wenyewe wanakiita slow cooker. Ni kile kile cha rangi ya maziwa chenye maua ya machungwa ubavuni, na kifuniko chake cha kioo kimefungwa kwa kipande cha khanga.

"Mama yako aliniachia hii siku ile yeye na baba yako walikuwa wanarudi Pemba," jirani akasema. "Akaniambia, akiuliza, umpe. Nimengoja uulize, mpenzi. Hukuuliza. Sasa mimi naenda, na hii siwezi panda nayo ndege."

Nilimwambia nilidhani kimetupwa, jambo ambalo halikuwa uongo, lakini halikuwa kweli yote. Kweli ni kwamba sikuuliza kwa sababu sikutaka kukumbushwa. Nikakipakata kwenye treni mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo akili yangu imehamia kule kule nilikokuwa nikikukimbia.

Basi ngoja nikusimulie.

Nilikuja London nina miaka sita, nimeshikwa mkono na bibi mmoja wa Kipemba aliyekuwa akija kwa wanawe. Baba alikuwa ametangulia. Karatasi zangu zilitoka, za Mama zikakwama. Mara cheti cha ndoa hakisomeki, mara muhuri si wenyewe. Mama akasema mtoto atangulie, yeye atafuata baada ya mwezi mmoja au miwili. Mwezi huo ulichukua miaka minne.

Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na Baba, katika nyumba ya chumba kimoja na sebule. Baba alikuwa na kazi mbili. Alfajiri alisafisha maofisi, kisha akaunganisha na ghala la mizigo, akirudi saa moja jioni. Na Baba alikuwa mwanamume wa Kipemba wa zamani, ambaye jikoni aliingia kwa kuulizia tu kama chakula kipo tayari. Mwaka wetu wa kwanza tulikula mkate na mayai. Wali wake ukitoka uji tulishukuru, maana siku nyingine ulitoka mchanga.

Ndipo siku moja akarudi na kile chungu kutoka duka la mitumba ya hisani. Alikiweka mezani, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Ndani kilikuwa cha udongo.

"Kumbe Wazungu nao wana chungu," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha mapishi, lakini aliyekuwa nacho mwanzo alikimwagia supu, kurasa zikagandana. Ukurasa mmoja tu ulikuwa mzima, wenye picha ya bakuli la maharage mekundu yanayong'aa: maharage ya barbeque na bekoni, ile nyama ya nguruwe ya moshi, kwa muda wa saa nane mpaka kumi, moto mdogo. Kwa hiyo hicho ndicho chakula tulichojaaliwa. Baba alikisoma kila jioni akiwa na kidole juu ya maneno, kama anavyosoma barua ya serikali. Nadhani kilichomvutia ni hizo saa kumi. Hapa palikuwa na chombo ambacho angekiwasha akitoka, nacho kingempikia mtoto wake yeye akiwa hayupo.

Kijitabu kilisema maharage ya kopo. Baba akakataa kata kata. "Maharage ya kopo ni chakula cha mtu aliyekwisha kata tamaa," akasema, akanunua makavu. Akayaosha, akayatia mabichi, akaongeza maji na vitunguu, akawasha moto mdogo, akaenda zake kazini. Jioni tukala. Yalikuwa magumu kidogo moyoni lakini tulisifu. Saa mbili baadaye mimi na Baba tulikuwa tukigombania choo kimoja, na kelele zetu zilimfikia jirani wa juu aliyekuwa akijitayarisha kwenda zamu. Akashuka na sare yake ya unesi.

"Mzee, usiniambie uliweka maharagwe mabichi kwa hii kitu," akasema, huku akinishika kichwa nitapike vizuri. "Lazima yachemke kwa jiko kwanza, yachemke kabisa! Iko na sumu. Hii haina moto wa kuua sumu."

Baba aliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena usoni mwake. Amekula maharage maisha yake yote, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa yana sumu. Lakini nani angejua? Kwetu maharage huchemka juu ya kuni tangu asubuhi, na huo moto hauna mdogo wala mkubwa. Mtu hawezi kukosea jambo hilo mpaka apewe chombo cha kumrahisishia.

Tulipopona alinishika mkono, tukapanda ghorofa moja mpaka mlangoni kwa jirani. Baba amevaa kofia yake ya kiua, kijitabu kiko mkononi.

"Samahani sana, jirani. Nimekuja na suala la kitaalamu. Hii bekoni."

"Bacon? Si wewe ni Muislamu, mzee?"

"Siulizi niile. Nauliza mle chunguni ina kazi gani."

Jirani alicheka mpaka akaegemea mlango. Yeye mwenyewe alikuwa mlaji wa bekoni, na adabu yake ilikuwa kufungua madirisha yote akiikaanga, hata theluji ikiwa inaanguka, kwa ajili yetu. Alipomaliza kucheka akafikiri kwa makini, akahesabu kwa vidole. "Chumvi," akasema. "Moshi. Na mafuta. Basi, hakuna kingine."

Jumapili ile nakumbuka Baba amesimama koridoni na simu ya kadi, akisoma kijitabu chote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. "Chumvi, moshi na mafuta," akarudia mara mbili. Sikujali alikuwa akimsomea nani. Nilidhani anajigamba tu kwa watu wa kwetu kwamba anajua kupika.

Baada ya majuma kadhaa ukaja mzigo, mkononi mwa mtu aliyekuwa likizo. Mizigo ilikuja mara kwa mara, na juu yake daima liliandikwa jina la bibi yangu, mama yake Baba, maana kwetu mzigo hutoka kwa mkubwa wa nyumba, hata kama aliyeufunga ni mtu mwingine. Mlikuwa na halua, mlikuwa na kanzu ya Baba, na chini kabisa, ndani ya gazeti, ndani ya plastiki, ndani ya plastiki nyingine, mlikuwa na samaki. Alikuwa mweusi kwa moshi, mgumu kama gamba la mti, mafuta yamemtoka yakaliloweka gazeti. Nyumba nzima ilinuka. Baba alimnusa akafumba macho.

"Huyu ndiye bekoni wetu," akasema.

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa maharage ya Baba. Kila Jumatano jioni aliyaloweka. Alhamisi baada ya sala ya alfajiri aliyachemsha kwa nguvu, dakika kumi na tano kwa saa, amesimama juu yake kama askari wa zamu. Kisha yakaingia chunguni na vitunguu, nyanya ya kopo, siki, na haradali ya unga. Kijitabu kilitaka sukari ya rangi ya kahawia. Baba alitia sukari guru kutoka duka la Mhindi mmoja wa Rayners Lane aliyezaliwa Unguja na aliyejua Kiswahili kutushinda. Kilitaka sosi moja ambayo jina lake Baba hakulitamka hata siku moja, akatia ukwaju. Na mwisho yule samaki, vipande chini, vipande juu. Mimi nilikuwa kitandani nikisikia kisu, kisha maji, kisha kifuniko cha kioo kikilia kinapokaa mahali pake. Halafu mlango. Baada ya mlango nyumba ilikuwa kimya mpaka nitoke kwenda shule.

Sasa nikueleze kuhusu saa kumi jioni, maana hiyo ndiyo saa ninayotaka uijue.

Nilikuwa na ufunguo shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Nilijifungulia, nikafunga nyuma yangu, nikapiga dari mara mbili kwa mpini wa ufagio. Jirani, aliyekuwa ameamka kutoka usingizi wake wa mchana, alijibu kwa kupiga kisigino sakafuni mara mbili. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yake na Baba: akisikia ufagio ajue nimefika, nami nikisikia kisigino nijue yupo. Baada ya hapo hakuna aliyesema nami mpaka saa moja. Shuleni Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, na mwalimu alikuwa mwema lakini alikuwa na watoto thelathini. Kuna siku nilikuwa sijatamka sentensi nzima tangu asubuhi.

Lakini Alhamisi ilikuwa tofauti. Alhamisi nikifungua mlango harufu ilinipokea kabla sijavua koti. Ilikuwa tamu, chachu na ya moshi kwa pamoja, na imejaa hadi kwenye mapazia. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikaweka viganja viwili kwenye ubavu wa chungu. Kilikuwa cha moto lakini hakiunguzi. Nilivuta kiti, nikafanya kazi za shule pale pale, na nilikisemesha. Usinicheke. Nilikisemesha kwa Kiswahili mambo yote ya siku, nani kanisukuma, nani kanipa penseli, nacho kikinijibu kwa kutokota polepole, tone moja moja likiteremka ndani ya kioo.

Amri ilikuwa moja: usifunue. Kijitabu kilisema ukifunua mara moja umeongeza nusu saa. Baba alilitia jambo hilo uzito wa dini. Na mimi, katika miaka ile minne, nilifunua mara moja tu, siku moja ya giza la mapema, si kwa njaa. Nilitaka ule mvuke unipige usoni. Nilisimama na kifuniko mkononi, uso juu ya chungu, mpaka kioo kikapoa. Jioni Baba alionja, akanitazama, akafunika tena. "Tungoje kidogo," akasema, na tukangoja, wala hakuuliza.

Bakuli la kwanza lilipelekwa juu kwa jirani. Akiwa zamu, Baba alisema, "Asiyekuwepo na lake halipo," akijifanya anagawa fungu lake kati yetu, kisha akaliweka kando vile vile. Siku moja nikamuuliza kama tunaweza kumwekea na Mama. Akaanza, "Asiyekuwepo..." kwa ule mzaha wake wa siku zote, lakini hakuumaliza. Akaenda kuosha mikono, na mikono yake ilikuwa safi.

Mama alikuwa ni sauti ya Jumapili. Nilipewa simu kwa dakika chache, nami kila mwaka maneno ya kumwambia yalinipungukia. Alikuwa akiniuliza mambo yale yale.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maharage ya Baba."

"Yamekolea moshi?"

"Yamekolea."

"Na chumvi je, haikuzidi?"

"Haikuzidi."

Hapo alicheka kidogo, akataka nimpe Baba. Wakati mwingine niliyaona maswali yake kuwa ya ajabu. Watoto wenzangu mama zao waliwauliza kuhusu shule. Wangu aliuliza kuhusu moshi. Niliona kwamba hana la kusema nami, kama mimi nisivyokuwa na la kusema naye.

Alikuja nikiwa na miaka kumi, mwezi wa baridi kali, na koti la kuazima. Uwanja wa ndege nilijificha nyuma ya Baba. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alinikumbatia nikabaki nimesimama kama mti, nikinusa udi na jasho la safari, nikijiambia: huyu ndiye yeye, furahi basi. Sikufurahi. Niliogopa, na hofu yenyewe ikanifanya niwe mkali.

Kesho yake aliingia jikoni mapema, akapika maharage ya nazi. Alisimama siku nzima. Aliyachuja, akayaunga, akatia nazi ya kopo huku akiisikitikia. Ilikuwa Alhamisi, na yeye hakujua Alhamisi ni siku gani. Nilirudi shule, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikanusa nazi. Chungu kilikuwa baridi. Alinipakulia sahani iliyojaa, akakaa mbele yangu kunitazama nikila, kama mama yeyote angefanya. Baba naye alikuwa amechukua ruhusa siku hiyo, amekaa pembeni anatabasamu.

Nikaisukuma sahani. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nataka maharage ya Baba.

Mama hakuwa na Kiingereza. "Anasemaje?" akamuuliza Baba.

"Anasema ameshiba," Baba akajibu.

Akaichukua ile sahani akala mwenyewe, amesimama karibu na sinki, mgongo wake kwetu.

Baba alifikiri atatupatanisha. Alhamisi iliyofuata akawasha chungu. Lakini mizigo ya samaki ilikuwa imekoma, vipande vya mwisho tulishavimaliza, kwa hiyo akatia bekoni ya bata mzinga kutoka bucha ya halali. Yalitoka mabaya. Yalikuwa matamu bila moshi, na ile nyama ilikuwa kama karatasi iliyoloa. Tulikaa mezani watatu. Nikaonja, nikaweka kijiko chini. Na safari hii nilisema kwa Kiswahili, Kiswahili safi nilichokuwa nikikitunza kwa ajili ya chungu, ili asihitaji mkalimani.

"Tangu Mama aje, hata chungu kimeharibika."

Baba alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mama alingoja kila mtu anyanyuke, akaosha kile chungu vizuri, akakifuta, akakiweka juu ya kabati, na hapo ndipo kilipokaa miaka yote niliyobaki katika nyumba ile.

Usidhani tuliishi kwa vita. Alinilea. Alinisuka, alinisubiri nje ya shule mpaka nikamwambia nimekua, alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza masomo yangu. Niliyala maharage yake ya nazi baadaye, nikayapenda. Lakini lile neno lilibaki juu ya kabati pamoja na chungu, na sikuwahi kulishusha. Nilijua nimesema ubaya. Nilijiambia ameshasahau. Nilipoanza kazi na kuhamia Walthamstow, wao wakaamua kurudi Pemba wakazeekee kwao, na Mama akafariki huko mwaka juzi. Kwetu maiti haingoji ndege. Alizikwa kabla ya alasiri, na mimi wakati huo nilikuwa bado natafuta tiketi.

Basi jana, Jumamosi, nikaamua kupika. Nililoweka tangu Ijumaa. Nikachemsha dakika kumi na tano nimesimama. Nikatia ukwaju, nikatia sukari guru. Bekoni yangu ilikuwa samaki wa moshi wa supamaketi, laini, wa rangi ya chungwa, aliyekatwa sawa sawa kama mkate. Chungu kikawasha taa yake nyekundu, kizee kile, na kifuniko kikalia kilipokaa. Mchana nikampigia Baba kumuuliza yule samaki wetu alikuwa nani.

"Nguru," akasema. Mtandao ulikuwa ukikatika, nyuma yake jogoo alikuwa akiwika. "Nguru mnono. Anapasuliwa, anatiwa chumvi na ndimu, halafu anapigwa moshi wa makumbi ya nazi siku mbili. Moshi tu, moto usipande."

"Bibi alikuwa akimgeuza kila baada ya saa ngapi?"

"Bibi yako?" Baba alicheka. "Bibi yako wakati ule hata kukaa kitako kitandani alikuwa akisaidiwa. Mama yako ndiye. Kwani hukujua?"

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Nilimsomea kile kijitabu kwenye simu," akaendelea, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. "Akasema, hiyo si kazi ya nyama, hiyo ni kazi ya nguru wa makumbi. Alikwenda mwenyewe dikoni, wavuvi wanakoshusha samaki, kila alipopata mtu wa kumpa mzigo. Wa kwanza alimzidishia chumvi, mimi nikamficha mama yako jambo hilo. Ndiyo maana akawa akikuuliza wewe kila Jumapili. Mimi hakuniamini, alisema nitasifu tu."

"Na siku ile, Baba," nikasema. Sikutaja siku gani. Imepita miaka zaidi ya ishirini, na hakuniuliza siku gani.

"Nilitaka kukwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga hasa. Halafu akaniambia, muache, usimwambie. Ataona haya."

"Na baadaye? Nilipokuwa mkubwa?"

"Alisema utauliza mwenyewe." Jogoo akawika tena. "Yule samaki hapo London angempigia moshi wapi, mwanangu? Mkate tu ukiungua king'ora kinaita zimamoto."

Tukacheka sote, kisha mtandao ukakatika, na sikumpigia tena, maana nilikuwa nalia na sikutaka anisikie.

Sasa niambie, rafiki yangu, nifanye nini na maarifa haya? Miaka mitatu nilikula mkononi mwa mama yangu kila Alhamisi, nikiweka viganja vyangu kwenye joto la samaki wake, kisha alipokuja kwa miguu yake mwenyewe nikamwambia ameharibu chungu. Baba alikuwa na methali yake, na methali haikosei, lakini nyumbani kwetu ilikosea. Ambaye hakuwepo, lake ndilo lilikuwepo. Alipokuwepo, ndipo nikamnyima.

Vyote vimekwisha. Jirani Ijumaa amekabidhi funguo, na jana alipanda ndege. Mlango wetu ni wa watu wengine. Nguru bado wapo, makumbi yapo, lakini mkono haupo. Hapa ninapokaa simjui anayekaa juu yangu. Nasikia maji yake yakiteremka ukutani, basi. Jana saa kumi jioni niliinua ufagio, nikausimamisha karibu na dari, kisha nikauona upumbavu wangu nikaurudisha pembeni.

Sikufunua. Kwa muda wa saa kumi kamili nilingoja, tangu asubuhi mpaka taa za barabarani zilipowaka, viganja vyangu ubavuni mwa chungu. Kisha nikapakua bakuli moja, nikakaa, nikaonja. Yalikuwa mazuri tu, ya kuliwa. Nikatafuna polepole nikitafuta, nikarudia kijiko cha pili na cha tatu ili niwe na uhakika, kwa sababu aliyekuwa akiuliza alipenda kuambiwa ukweli.

"Hayakukolea, Mama," nikasema.